Mtoto wa Kusimama, Mmoja

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Mzee Mizani alisafisha reli. Alichukua kitambaa cha pamba, akakikunja mara nne, akalowesha ncha moja kwa spiriti, kisha akakipitisha juu ya reli zote tatu, kipande baada ya kipande, akianzia kituoni na kumalizia kituoni. Kitambaa kikishika weusi alikikunjua na kukikunja upya, upande safi ukaja juu. Baada ya reli alishika brashi laini na kupangusa mapaa ya mabehewa, kituo cha bati, daraja, handaki, na mwisho nywele na mabega ya mtoto. Brashi ilipofika usoni mtoto alifumba macho. Ilipopita aliyafumbua, akaendelea kuitazama treni.

Mtoto alikuwa na miaka saba. Alikuwa amesimama juu ya kigoda kando ya meza ya treni, mikono nyuma, kwa miaka thelathini na minne.

Jumamosi hii mkono wa mzee ulitetemeka kuliko kawaida, na brashi ikampiga mtoto puani mara mbili. Mzee alimwomba radhi, akaiweka brashi chini, akaificha mikono yake mgongoni ili isimsumbue. Saa tano angekuja mgeni kuchukua kila kitu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, kinachopakana na jiko, chenye dirisha moja la upande lililotazama mtaani. Meza ilikijaza karibu chote. Ilikuwa na ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja, na juu yake njia mbili, kila moja ya reli tatu, zilizunguka, moja ndani ya nyingine, zikikutana kwenye njia panda mbili. Handaki lilitengenezwa kwa magazeti na gundi na kupakwa rangi ya kijivu. Saa ya kituoni ilichorwa ikiwa saa kumi na dakika kumi. Kichwa cha treni kilikuwa cha kijani, kikubwa kuliko kiatu cha mtu mzima, na kilikuwa na umri mkubwa kuliko mzee mwenyewe. Mabehewa yalikuwa manane, ya bati, na madirishani mwake walichorwa abiria wenye kofia, wote wakitazama mbele. Chini ya meza kulikaa transfoma nzito kama tofali, na umeme ukiwashwa ilivuma kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani.

Jina la Mizani alipewa na wachuuzi wa sokoni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Alizunguka masokoni na kisanduku chenye mawe ya shaba, kila jiwe limelala kwenye shimo lake la kitambaa laini, na kando yake kibanio cha kuyashikia. Mawe hayo hayakushikwa kwa vidole. Jasho la kidole lina uzito, alifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini. Jiwe likishikwashikwa linakuwa jiwe jingine, na kila mizani inayopimwa kwalo inakuwa ya uongo. Hakuwahi kuligusa hata moja. Alipostaafu alikirudisha kisanduku kikiwa vile vile alivyokipokea, na mkubwa wake akasimama kumpa mkono, jambo ambalo hakuwafanyia wengine.

Kwa hiyo treni ilipoingia nyumbani iliingia na sheria yake.

Aliipata kwa familia moja iliyokuwa inahama, ndani ya sanduku la mbao, kila kipande kimefungwa kwa karatasi. Ilimchukua miezi minne kuitandika. Alijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea, na vidole viliungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Siku alipoona iko tayari alimwita binti yake, mtoto wake wa pekee, akampandisha juu ya kigoda ili aione meza vizuri.

"Simama hapo," alimwambia. "Mikono nyuma. Usiguse mpaka nikuambie."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amepanga kwamba binti ndiye atakayesukuma wenzo, kile kishikio kidogo cha mwendo, na kuiondoa treni kituoni kwa mara ya kwanza. Alitaka tu kuijaribu mara moja kabla. Treni ikaondoka vizuri, ikapita daraja, ikafika kwenye kiungo cha reli karibu na handaki, ikastuka kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Mzee akasema subiri kwanza niweke sawa. Akaweka sawa. Mzunguko wa pili taa ya behewa la nne ikapepesa. Subiri kwanza niweke sawa. Mzunguko wa tatu njia panda ya pili ikashika, ikagoma kufunguka. Jioni ilipofika alikuwa amelala chali chini ya meza, nyaya kifuani, akimwambia mtoto bado kidogo.

Mama wa mtoto aliita kwamba chakula kiko tayari. Binti akaja, akanawa, akakaa, akaanza kula. Mama akaenda chumba cha nyuma kuzima taa na kumkuta binti amesimama juu ya kigoda, mikono nyuma. Akamtazama. Akarudi mezani, akamkuta huyu hapa anakula. Akaongeza sahani moja. Sahani ile ilirudi kama ilivyokwenda, siku tatu mfululizo, na siku ya nne mama hakuipakua tena.

Haikuzua maneno mengi. Majirani waliokuja kuangalia treni walimkuta pale na kumsalimu. Jirani mmoja, mama wa watoto watano, alisema afadhali huyo, maana wa kwake wangekuwa wameshayang'oa magurudumu. Mwalimu mkuu aliuliza ni yupi wa kuandikishwa darasa la pili, akajibiwa ni yule mwenye mkoba. Mzee mwenyewe alifurahi kwa namna yake ya kimya kimya. Katika watoto wawili alikuwa na mmoja anayesikia.

Yule mwenye mkoba alikua. Alimaliza shule, akapata kazi stendi ya mabasi, kwenye ofisi ya vitu vilivyosahauliwa, na watu wa stendi wakamwita Karani. Ofisi ilikuwa na dirisha la nondo na rafu sita za miavuli, mabegi, miwani, magongo na viatu vya mguu mmoja. Kila kitu kilikaa siku tisini. Mwenyewe akitokea, akieleza kitu chake kwa usahihi, Karani alimfungulia mlango na kumwambia kiko rafu ya tatu, chukua mwenyewe. Katika ofisi ile hakikuwahi kupotea kitu mara ya pili, na wakubwa walimpenda kwa sababu hiyo.

Hawakujua kwamba mikono yake haikuwa yake yote. Kalamu aliishika, sufuria aliishika, ufunguo aliushika. Kilichomshinda ni kitu alichokitamani. Akikitamani kitu, mikono ilikwenda nyuma yenyewe na kushikana huko, na haikurudi mpaka hamu iishe. Dereva mmoja wa mabasi ya masafa aliwahi kumletea zawadi ndani ya boksi lenye utepe. Aliliweka juu ya kaunta. Karani alilitazama lile boksi akasema ni zuri sana. Dereva alingoja. Wakati mwingine alimletea jingine, akangoja tena. Mwishowe alidhani anachezewa, akayachukua maboksi yake, akaoa kwingine.

Akiwa na miaka kumi na mmoja Karani aliingia chumba cha nyuma na kumwambia yule mdogo wa kigodani ashuke waende wakacheze nje. Yule mdogo hakugeuza shingo.

"Baba hajasema," alijibu.

Akamwendea baba. Baba alikuwa anabadilisha vile vipande vidogo vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota, kazi ya kushika pumzi, akamwambia atasema, atasema tu, njia panda ya pili ikikaa vizuri. Karani aliuliza tena akiwa na kumi na tano, na ishirini, na thelathini. Haikuwahi kukaa vizuri. Ikikaa njia panda, inapepesa taa. Ikitulia taa, kinachoka kiungo cha reli karibu na handaki.

Mama ndiye aliyekuwa akimtunza yule mdogo. Kila Jumapili alileta kitana, akamchana na kumsuka upya, akimsimulia habari za mtaani kana kwamba alikuwa safarini. Mwaka mmoja aliona kifungo cha gauni kimevunjika nusu. Alileta sindano, akakata kifungo kwenye blauzi yake mwenyewe, akakishona palepale, na mzee aliyekuwa mlangoni akamkataza bila kupaza sauti. Mama akamaliza kushona, akakata uzi kwa meno. Miaka tisa iliyopita, alipokuwa amelala chumba cha mbele na sauti imebaki kidogo, alimwita Karani akamwinamisha.

"Usimwache yule mdogo," alimwambia.

Karani alisema hatamwacha.

Mkono wa mzee ulianza kutetemeka miaka miwili kabla ya Jumamosi hii. Mwanzo ulikuwa mtikisiko wa kikombe tu. Mwezi uliopita aliinua kichwa cha treni ili akitie tone la mafuta, kikamponyoka, kikaanguka sakafuni, pembe ya chuma cha mbele ikameguka. Alikaa kitini siku nzima bila kula. Kesho yake alikuwa ameshaipima hoja yake kama alivyopima kila kitu maishani: mikono yake haifai tena, na sheria ni moja kwa wote. Aliandikia chama cha wakusanyaji wa treni za zamani. Hakutaka chochote, aliandika, ila iende mahali ambapo haitaguswaguswa. Walimjibu kwamba watamtuma mtu wao.

Karani alifika saa nne na nusu, mfuko wa nailoni ukining'inia kiwikoni. Ndani yake mlikuwa na viatu vya turubai vya mtoto wa miaka saba, vyeupe, vya kamba. Muuza duka ndiye aliyevitumbukiza mfukoni, kwa kuwa Karani alivitamani mno hata akashindwa kuvipokea, na mfuko wenyewe alitundikiwa kwenye kiwiko. Yule mdogo hakuwa na viatu. Siku ile aliitwa akiwa peku.

Karani alimwamkia baba yake, akaitikiwa. Akamweleza alichokuja nacho, polepole, kama anavyowaeleza watu dirishani. Treni iende, treni ni ya baba, na anayo haki ya kumpa amtakaye. Ila yule mdogo hapandi kwenye gari la mtu. Aambiwe lile neno moja leo, asubuhi hii, kabla mgeni hajafika, ashuke, avae viatu, waende zao.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkata mtu kauli.

"Mwanangu," alisema, "wewe si uko hapa? Umeshiba, una kazi, hujambo. Unalilia nini?"

Kabla Karani hajajibu, mlango wa mbele ukagongwa. Mgeni alikuwa amewahi kwa dakika kumi na tano.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Chamani mwao walimwita Glavu, alisema mwenyewe akitabasamu, na walipofika chumba cha nyuma ikaonekana ni kwa nini. Alitoa mfukoni glavu nyeupe za pamba, akazivaa kidole kimoja kimoja, kisha akasimama mlangoni akitazama tu, muda mrefu, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "umeitunza kama mboni ya jicho."

Mzee aliinamisha kichwa. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Glavu aliomba orodha. Mzee alikuwa nayo, kwenye daftari la jalada gumu, na Glavu akaisoma kwa sauti huku akionyesha kila kitu kwa kidole bila kukigusa. Kichwa cha treni, kijani, kimoja. Hali nzuri, na kwa wino mpya, pembe ya mbele imemeguka. Mabehewa ya abiria, manane. Hali nzuri sana. Kituo cha bati, kimoja. Daraja, moja. Transfoma, moja, inavuma. Njia panda, mbili, ya pili inashika kidogo. Mtoto, wa kusimama, mmoja, hali kama mpya, hajawahi kugusa.

Karani hakuwahi kulisoma daftari lile. Alinyoosha shingo akautazama mstari. Wino wake ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia kama ya mistari ya juu yake. Haukuongezwa jana. Uliandikwa mwaka uleule treni ilipoingia nyumbani.

Glavu alitoa kioo cha kukuzia, akamzunguka mtoto. Aliuliza kama kigoda ndicho chenyewe, akaambiwa ndicho. Akauliza habari ya meno. Mzee alieleza kwamba jino la mbele, la juu, lilikuwa linatikisika siku ile na bado linatikisika, halijaanguka. Glavu aliandika. Kisha kioo kikasimama kwenye gauni.

"Kifungo hiki si cha asili," alisema.

"Marehemu mke wangu," mzee alijibu kwa aibu. "Nilimkataza."

Glavu alisema si kitu, hutokea hata kwenye mikusanyo mikubwa, ila itabidi kiandikwe. Akakiandika.

Ndipo Karani akapiga moyo konde na kutia neno. Alimwambia mgeni kwamba huyo si kipande cha treni, kwamba aliingizwa kwenye daftari kwa makosa, na kwamba amekuja kumchukua. Glavu alimsikiliza kwa heshima zote. Hakushangaa, ilionekana ameshayasikia hayo katika nyumba nyingine.

"Dada, nakuelewa," alisema. "Lakini seti ikishatenganishwa si seti tena. Kuna nyumba moja walimtoa mtoto kabla sijafika. Nilikuta meza na vyuma." Akaongeza kwamba huko kwenye ukumbi wa maonyesho wa chama wanao wengine watatu, wavulana, wote wazuri, ila mmoja alama za vidole vyake zilionekana kwenye behewa, na mwingine aliwahi kukaa chini. "Kama huyu sijaona."

Karani alimgeukia baba yake. Roho ilikuwa mkononi.

"Neno moja tu, baba. Mwambie aguse. Ukishamwambia, aende popote atakapo, hata kama ni kwa huyu bwana."

Mzee alifikiri. Hakujifanya anafikiri; alifikiri kweli, akiitazama meza kutoka kituoni hadi kituoni, kama alivyokuwa akiisafisha. Kisha akaitikia kwa kichwa. Alisema ni haki. Alisema alikuwa amemwahidi, na ahadi ni ahadi, na leo ni leo.

"Ngoja kwanza niweke sawa," alisema, "aikute imekaa vizuri."

Akawasha umeme. Transfoma ikaanza kuvuma. Akakitoa kichwa cha treni kituoni ili akipange upya relini, kwa kuwa kilikaa upande kidogo. Magurudumu hayakukubali. Aliyaweka mbele, nyuma yakatoka. Aliyaweka nyuma, mbele yakatoka, na cheche ndogo ya buluu ikaruka na kuacha harufu ya moto. Mikono yake ilitetemeka kama ya mtu aliyetoka mtoni asubuhi ya baridi. Mara ya tatu. Mara ya nne. Juu ya kigoda yule mdogo alikuwa ameinama mbele kidogo, mdomo wazi, na jino lake lilionekana. Karani hakuwa amemwona akiinama hivyo tangu wote wawili wakiwa na miaka saba.

"Mzee wangu," Glavu alisema taratibu, "niruhusu nikusaidie?"

"Gusa," alisema mzee. "Gusa tu, bwana, gusa. Jisikie uko nyumbani."

Lilimtoka jepesi hivyo, mara tatu, kwa mtu aliyemfahamu kwa nusu saa. Yule mdogo alilisikia. Aligeuza macho yake, macho peke yake, akayapeleka kwa baba, akaona halikuwa lake, akayarudisha kwenye treni.

Glavu alikikalisha kichwa relini kwa msukumo mmoja wa kidole cheupe. Akauliza kama anaweza kuijaribu, akaambiwa ajaribu. Akausukuma wenzo.

Treni ikaondoka. Ikapita daraja. Ikafika kwenye kiungo karibu na handaki, ikapita kana kwamba hapakuwa na kiungo. Ikaingia gizani, ikatoka upande wa pili na taa zote nane zinawaka bila kupepesa, abiria wote wakitazama mbele. Ikafika njia panda ya pili. Njia panda ikafunguka, ikaipisha, ikafunga, kwa mlio mmoja safi kama wa kufuli la gharama. Ikaingia kituoni ikasimama pale pale ilipotakiwa, chini ya saa iliyochorwa saa kumi na dakika kumi.

Uso wa mzee ulikuwa umelegea, machozi yakishuka kwenye mikunjo bila yeye kuyajali. Mzunguko mmoja usio na dosari; alikuwa ameungoja miaka thelathini na minne.

"Sasa iko sawa," alisema.

"Sasa mwambie," Karani alisema.

Yule mdogo naye akafungua kinywa. Sauti yake ilikuwa kavu, ya kitu kilichokaa kabatini.

"Baba, bado?"

Mzee alimtazama mtoto, akaitazama treni. Alitaka kusema, Karani aliona midomo yake ikiliandaa neno. Kisha macho yakarudi kwenye zile reli safi, kwenye yale mabehewa yaliyopangika kama herufi, na yule mkaguzi ndani yake akainua mkono.

"Tuiache hivi hivi," alisema kwa upole. "Ikiguswa sasa itaharibika." Na kwa mtoto akasema, "Bado kidogo."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akanyooka.

Ufungaji ulichukua saa mbili. Glavu alifanya kazi bila haraka, karatasi laini, kisha karatasi ngumu, kisha maranda ya mbao. Karani aliongea muda wote huo. Aliongea kwa upole, akaongea kwa ukali, akataja jina la mama yake, akasimama mlangoni akasema hapiti mtu. Glavu alingoja mpaka akamaliza kila mara, akaendelea kufunga. Mzee alisema wamwache, ana uchungu, ni mtoto wa pekee. Jambo moja tu Karani hakulifanya, na ndilo pekee ambalo lingefaa: hakumnyanyua yule mdogo pale kigodani na kuondoka naye. Alisimama hatua moja kutoka kwake. Mikono yake ilikuwa nyuma, imeshikana kwa nguvu hata kucha zikaingia kwenye ngozi, na kadiri alivyotaka kuitoa ndivyo ilivyokaza.

Meza ikafunguliwa vipande, na mtoto akafungwa wa mwisho. Alipoambiwa atasafiri ndani ya sanduku aliuliza kama anakokwenda kuna treni. Glavu alimwambia ni hii hii. Aliridhika. Aliinuliwa pamoja na kigoda chake, akawekwa wima, karatasi ikapitishwa kuanzia miguuni. Ilipofika kwenye kifungo cha mama, Glavu alikizungushia pamba ya ziada, kwa kuwa alikuwa mtu makini.

"Tutamweka karibu na kamba, mahali ambapo watoto huja kuangalia," alimweleza Karani, akidhani atafarijika. "Atasaidia sana. Watamwona wajue namna ya kusimama."

Sanduku lilikuwa zito kuliko mtoto wa miaka saba anavyopaswa kuwa. Glavu alishika upande mmoja akamwomba Karani amshikie upande wa pili mpaka kwenye gari. Karani hakusogea. Glavu akamtazama mzee.

"Msamehe," mzee alisema. "Ndivyo alivyo tangu utoto. Hagusi kitu."

Jirani akaitwa, akashika upande wa pili. Wakatoka. Milango ya nyuma ya gari ikafungwa, kisha ikafunguliwa, kwa kuwa Glavu alikumbuka kwamba mzee hajatia sahihi. Mzee akatia sahihi, jirani akimshikia kiwiko ili kalamu isiruke. Milango ikafungwa tena. Kutoka dirishani mwa chumba cha nyuma Karani alilitazama gari likienda kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, likafika mwisho wa mtaa, likaashiria kushoto ingawa hapakuwa na gari lingine, likakata kona.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokidhania. Sakafuni kulibaki alama sita za miguu ya meza, na karibu nazo, tatu ndogo za kigoda. Ukuta ambao meza ilikuwa imeuficha ulikuwa na doa refu la kijivu, kama ramani.

Mzee aliingia akasimama kando ya binti yake. Alikuwa mtulivu, kama alivyokuwa siku aliyokirudisha kile kisanduku cha mawe ya shaba. Alilichunguza doa kwa muda.

"Hebu gusa hapo," alimwambia. "Naona kama pana unyevu."

Karani alilisikia neno. Aliligeuza kichwani, akaangalia dirishani; mtaani hapakuwa na kitu. Aliingoja mikono yake. Ilikuwa nyuma, na mfuko wa viatu ukining'inia kwenye kiwiko.

"Pakavu," alisema.

"Umegusa?"

"Nimegusa."

Mzee, ambaye alikuwa anautazama ukuta tu, akaridhika. Alisema basi ni vumbi, litafutika. Mkono wake mmoja ukaanza kutetemeka, akaupeleka nyuma, akaushika kwa mwenzake. Wakabaki wamesimama hivyo, mtu na binti yake, mbele ya ukuta mtupu, wote wawili mikono nyuma.